Kikundi Kidogo cha Jioni: Ni Nani Hulipia Pengo la Shule?



Katika mwaka wa masomo 2023-2024, mtoto mmoja wa mwaka wa tano wa shule ya msingi alitusomea ukurasa mzima wa kitabu chake cha Kifaransa bila kukwama hata mara moja. Sauti yake ilikuwa safi, vituo vilikaa mahali pake, na mama yake aliyesimama mlangoni alitabasamu, naye alikuwa na haki ya kutabasamu. Kisha tukaweka kidole juu ya neno moja katikati ya mstari wa nne, tukamwomba alisome hilo peke yake. Akanyamaza. Tukafungua ukurasa uliofuata, ambao darasa lake lilikuwa halijaufikia. Akanyamaza tena. Ukurasa ule wa kwanza alikuwa ameushika kwa moyo, kwa kuwasikiliza wenzake zaidi ya themanini wakiutamka pamoja na mwalimu wao asubuhi baada ya asubuhi.

Hayo yalitokea hapa Majengo, katika wilaya ya Karisimbi, jijini Goma, kwenye baraza la nyumba ya mbao ambako jioni tatu kila juma tunaketi na watoto sita kwa wakati mmoja. Mama alituuliza swali ambalo tangu siku ile halijatutoka: «Sasa alipandaje hadi mwaka wa tano?» Wapo wanaojibu haraka kwamba mtoto ni mvivu, na wengine kwamba mwalimu ni mzembe. Sisi tuliosomea ualimu, na tuliozeeka kidogo katika kazi hiyo, tunaona kwamba jibu la haki ni refu zaidi. Ni jibu la historia, nasi tunaomba subira yenu ili tulieleze.

Tuanze na jina la mtaa wetu. Majengo yapo Nairobi, yapo Mombasa, yapo Moshi, na yapo hapa chini ya Nyiragongo. Ni jina la mahali ambapo watu wanajenga. Hapa kwetu nyumba nyingi zimesimama juu ya mwamba mweusi uliotapikwa na mlima, na mwenyeji anayetaka msingi hana budi kuvunja jiwe kwa nyundo. Watu waliozoea kujijengea nyumba na njia kwa mikono yao wenyewe, hawakushangaa sana siku walipoambiwa wajijengee na shule. Tabia hiyo ni sifa yetu, na hapohapo ni udhaifu wetu. Tutaona kwa nini.

Shule ya kwanza katika nchi hii haikuwa na madawati mia. Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie walipokaa kando ya Ziwa Tanganyika, wakapokea Mpala mwaka 1885, waliweka kanuni ya ukatekumeni wa miaka minne, na kazi hiyo ndefu isingewezekana bila katekista. Tarehe 26 Mei 1906, Kiti kitakatifu cha Roma na Dola Huru la Kongo la Mfalme Leopold II walitia sahihi mapatano: misioni zitapewa ardhi, nazo zitafungua shule, na mpango wa masomo utapelekwa mbele ya serikali. Ndivyo shule za kapela zilivyoenea vijijini. Katekista aliketi na wachache chini ya paa la nyasi, akafundisha sala, silabi na hesabu. Alimjua kila mmoja kwa jina lake na la baba yake. Kwa njia hiyo twaweza kusema kwamba kikundi kidogo kilitangulia shule kubwa.

Lakini tusipambe yaliyopita. Shule ile haikukusudiwa kuwafikisha wote mbali. Mpango wa mwaka 1948 ulithibitisha jambo lililokuwa likitendeka tayari: watoto wote waanze na miaka miwili ya kwanza, kisha wachache waliochaguliwa waingie njia iliyoelekea masomo ya juu, na wengine wabaki katika njia ya kawaida iliyoishia shambani na kwenye kazi za mikono. Shule ilikuwa chekecheke. Aliyepitiliza hakuhesabiwa kuwa amepotezwa na shule. Ilisemwa kwamba kipimo chake kimefika. Wazo hilo halikuzikwa na ukoloni. Hadi leo mzazi akiambiwa mtoto wake hajui kusoma, mara nyingi huinamisha kichwa, kana kwamba amesikia hukumu juu ya akili ya mtoto, wakati amesikia tu habari ya kazi ambayo haijafanyika.

Mwalimu Mkongomani wa zama zile aliitwa kwa Kifaransa moniteur. Neno hilo lina ukoo wake. Mwaka 1798 Joseph Lancaster alifungua shule kusini mwa London, ambamo mwalimu mmoja aliongoza mamia ya watoto maskini kwa kuwagawa katika vikundi, na kila kikundi kikasimamiwa na mwanafunzi aliyetangulia, aliyeitwa monita. Njia hiyo ilikuwa na ukali wake na ilikaririsha mno. Hata hivyo ilikiri ukweli mmoja: mtu mmoja hawezi kusikiliza vinywa mia. Darasa likizidi kiasi, ama ligawanywe, ama mwalimu aache kusikiliza na kubaki kusema peke yake.

Baada ya uhuru likaja suala la lugha. Mageuzi ya mwaka 1962 yalikifanya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu mwaka wa kwanza. Katika miaka ya 1970 lugha zetu za kitaifa zilirudishwa katika miaka miwili ya mwanzo, na Kiswahili kikawa na zamu yake upande huu wa mashariki. Mpango huo una hekima, kwa maana mtoto hujifunza kusoma mara moja tu katika maisha yake, na ni afadhali ajifunzie katika lugha anayoielewa. Lakini mwaka wa tatu Kifaransa hukikalia kiti. Mtoto wa Majengo anayesema Kinande, Kihunde au Kinyarwanda nyumbani, na Kiswahili cha soko la Virunga njiani, hukuta kwanza Kiswahili cha kitabu, na kabla hajatulia nacho, anakabidhiwa lugha ya tatu au ya nne. Tulipowapima watoto waliokuja kwetu, tuliona kwamba wengi hawakukwama mwaka wa tano wala wa sita. Walikwama hapo kwenye daraja la mwaka wa tatu, kisha wakatembea miaka miwili au mitatu bila kufungua mdomo, wakisindikizwa na kiitikio cha wenzao.

Mwishoni mwa mwaka 1974 utawala wa Mobutu ulizitwaa shule za misioni. Somo la dini likaondolewa, na usimamizi ukawa wa serikali pekee. Haikuchukua muda mrefu kuona kwamba mzigo ulikuwa mzito, na tarehe 26 Februari 1977 Zaire na Makanisa walitia sahihi mapatano mapya: shule ni za taifa, serikali inalipa walimu na kuweka programu, Kanisa linasimamia shule zake za kila siku. Ndizo shule za mapatano tunazozijua hadi leo. Jambo la kukumbuka ni lile neno «serikali inalipa».

Maana haikulipa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 fedha ya Zaire iliporomoka, mshahara wa mwalimu ukawa hautoshi hata nauli, na migomo ikafunga madarasa. Wazazi, maaskofu na wenye mamlaka wakakubaliana kwamba, ili mwaka wa masomo usipotee, mzazi atoe mchango wa kumsaidia mwalimu. Mchango huo ndio tulioujua wote kwa jina la prime. Ulitajwa kama daraja la muda. Tulitembea juu ya daraja hilo kwa zaidi ya miaka 25.

Hapa hatuna budi kuungama, kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa tumeshika chaki wakati huo. Tuliingia darasani tukiwa vijana wenye diploma mpya, na prime ilitulisha. Haikutosha, tukaongeza masomo ya alasiri. Mwanzoni yalikuwa ya kuwasaidia waliochelewa. Baada ya mwaka mmoja walikuja wale tu waliolipa, na hao hawakuwa waliochelewa. Baada ya miaka miwili tulianza, bila kuambiana, kuyaacha maelezo magumu ya hesabu yasubiri alasiri. Hakuna aliyetuamuru. Tulikuwa tunauza jioni kile ambacho tulikuwa tumekipunguza asubuhi, tena kwa watoto walewale. Mtoto asiye na fedha alipata nusu ya somo, akapata na nusu ya alama, naye akadhani ni akili yake. Tunayataja haya kwa sababu anayetaka kusifu masomo ya vikundi vidogo leo, bila kukumbuka hayo, atarudi palepale akiwa na nia njema.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha 43, ilitamka kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za umma. Maneno hayo yalingoja miaka 13. Septemba 2019 yalianza kutekelezwa, na watoto walifurika. Tuliona wasichana wa miaka kumi wakiingia mwaka wa kwanza kwa mara ya kwanza, nasi tukamshukuru Mungu. Lakini vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo, walimu wengi walikuwa hawajaandikwa katika orodha ya malipo, na prime iliyowalisha ilikuwa imefutwa.

Sasa twaweza kumjibu yule mama. Mwanawe aliingia mwaka wa kwanza katika Septemba hiyohiyo ya 2019. Tumfuate. Machi 2020 shule zote za nchi zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mwaka wa pili ulianza kwa kuchelewa, Oktoba 2020, ukakatizwa tena tangu Desemba hadi Februari 2021. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka, lava ikashuka hadi Buhene, na siku tano baadaye wakaaji wa mitaa kumi ya Goma, Majengo ikiwemo, waliamriwa kuondoka. Tunakumbuka barabara ya Sake ilivyojaa magodoro, mbuzi na chukudu zilizobeba wazee. Mwaka wa tatu, ule wa kuvuka kwenda Kifaransa, ulifunguliwa Oktoba 2021 pamoja na mgomo wa walimu. Tangu mwaka 2022 vita vya Rutshuru na Nyiragongo viliwasukuma wakimbizi hadi viungani mwa jiji, na madarasa yakapokea wageni juu ya wenyeji. Hivyo ndivyo mtoto alivyopanda hadi mwaka wa tano. Alipandishwa kila mwaka, na kila mwaka ulikuwa na shimo lake. Hakuwa mvivu. Kuushika ukurasa mzima kwa moyo katika lugha usiyoielewa ni kazi kubwa kuliko kuusoma.

Naye si peke yake. Benki ya Dunia imekadiria kwamba katika nchi yetu watoto 97 kati ya 100 wenye umri wa miaka kumi hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Tukisikia tarakimu hiyo, yatupasa kuacha kuulizana ni mtoto gani mjinga.

Je, kikundi kidogo kinaweza kitu? Historia ya mahali pengine inatupa ushahidi. Tarehe 8 Desemba 1841, huko Torino, padri kijana Yohane Bosko alimkuta katika sakristia yatima aitwaye Bartolomeo Garelli, asiyejua kusoma wala kuandika, akaanza naye palepale. Kutoka kwa huyo mmoja zilizaliwa shule za Jumapili na za jioni kwa vijana waliofanya kazi mchana. Wasalesiani walifika Kongo mwaka 1911, na wakaaji wa Majengo wanaijua vema kazi yao ya Ngangi, ambako watoto wengi wa vita wamepata kalamu pamoja na chakula.

Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1954, Padri Lorenzo Milani alitumwa Barbiana, kijiji kidogo cha milimani karibu na Firenze. Aliwakusanya wana wa wakulima waliokuwa wameangushwa na shule ya serikali. Walisoma mchana kutwa, mwaka mzima, na wakubwa waliwafundisha wadogo. Mwaka 1967, kabla tu ya kifo cha Milani, vijana wanane wa shule hiyo walitoa kitabu kilichoandikwa kama barua kwa mwalimu mmoja wa kike. Humo walionyesha kwa hesabu kwamba shule iliyotakiwa kuwa ya wote ilikuwa inawafukuza maskini darasa baada ya darasa. Tuzingatie jambo hili: kikundi cha Barbiana hakikuishia kuziba pengo la shule. Kililipima pengo, kikaliandika, kikawapelekea wenye dhamana.

Wataalamu nao wamepima. Mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Chicago alieleza kwamba mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa peke yake na mwalimu wake aliwapita takriban 98 kati ya 100 wa darasa la kawaida. Watafiti waliofuata walipata faida ndogo kuliko hiyo, lakini hawakuikana. Huko India, shirika la Pratham, lililoanzia Mumbai katika miaka ya 1990, lilionyesha njia iliyo karibu zaidi na mfuko wetu: kwa saa chache, watoto wapangwe kufuata kile wanachoweza kusoma, wala si kufuata umri au darasa, na wasaidiwe hata na vijana wa mtaani waliofundishwa kazi hiyo kwa muda mfupi. Mtoto wa mwaka wa tano asiyejua silabi akae na silabi, bila aibu, hadi atoke.

Hilo ndilo tulilojaribu barazani. Tuliwapanga sita sita, kwa kipimo cha kusoma. Tulianza na Kiswahili, hata kwa wakubwa, na tulipoona macho yanatembea juu ya mstari bila kuongozwa na kidole, tukavuka kwenda Kifaransa. Kila mtoto husoma kwa sauti yake peke yake, kila siku, angalau kwa dakika chache. Hilo ndilo ambalo darasa la themanini haliwezi kumpa. Tunaanza saa tisa na nusu, baada ya madumu ya maji kufika nyumbani, na tunamaliza kabla ya giza. Mkeka huhama kutoka nyumba hadi nyumba ndani ya shirika. Maaskofu wa Kongo walipochagua mwaka 1961 kwamba parokia ijengwe juu ya jumuiya ndogo za watu wanaofahamiana, huenda hawakuwaza silabi, lakini udogo huo unafaa kwa silabi pia. Watoto wa jirani Waislamu na Waprotestanti huketi pamoja na wetu, na saa hiyo si saa ya katekisimu.

Tumejiwekea makatazo mawili, yaliyotokana na dhambi yetu ya zamani. Hakuna fedha inayotolewa na mzazi, hata ya chaki. Na hakuna mwalimu anayefundisha jioni watoto anaowafundisha asubuhi. Wenzetu wengine wanatulaumu. Wanasema: mwalimu asiye na mshahara mzuri anakula nini? Lawama hiyo ni ya haki, wala hatuna jibu kamili. Tunajua tu kwamba ada iliyotolewa kwa mlango wa asubuhi mwaka 2019 imeanza kurudi kwa mlango wa jioni. Katika mitaa yetu masomo ya nyumbani ya kulipia yanaongezeka, na mzazi anayeuza mkaa anaona aibu kusema hawezi. Tukiyaacha yaendelee hivyo, elimu ya bure itabaki kuwa ya kukariri, na elimu ya kusoma itakuwa ya wenye fedha. Tutakuwa tumelijenga chekecheke la mwaka 1948 kwa mikono yetu wenyewe.

Yule mtoto alikaa nasi miezi kadhaa. Kufikia Desemba 2024 aliweza kusoma, polepole na kwa jasho, ukurasa wa Kifaransa ambao hajawahi kuuona, na akatueleza kwa Kiswahili ulichosema. Alikuwa mwaka wa sita, akijiandaa kwa mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini. Baada ya siku zile za risasi tulihesabu watoto wetu. Wanne hawakurudi, naye akiwa mmoja wao. Tuliambiwa familia yake imeondoka. Hatujui kama aliufanya mtihani.

Kwa hiyo, ndugu wapendwa, tunaleta maombi mawili mbele ya chama chetu. La kwanza, kila shirika litafute watu wawili wenye uwezo wa kusoma vema, na mkeka mmoja, na watoto sita wasiozidi. Sisi tuko tayari kuwaonyesha kazi, nayo haihitaji diploma. La pili, kila kikundi kiandike katika daftari: mtoto gani, mwaka gani, alisoma nini siku ya kwanza, anasoma nini baada ya miezi mitatu. Daftari hizo tuzipeleke kwa kamati za wazazi na kwa wasimamizi wa shule zetu za mapatano, kwa heshima, kila mwisho wa muhula. Kulifundisha kundi dogo na kunyamaza juu ya darasa kubwa ni kuisamehe serikali deni ambalo si letu kulisamehe.

Tunaketi siku ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Anayetaka kuja kutazama kabla ya kuanza kwake, aje mapema, kwa maana watoto wakishaanza kusoma hatuwakatizi.